Figo Huugua Kimya, Jicho Hutoa Siri

ELIMU YA AFYA

Mgonjwa wa presha, kisukari au figo anaweza kusoma gazeti bila shida huku mishipa ya damu iliyo nyuma ya jicho lake ikivuja. Uchunguzi wa retina hauumi, na unaweza kuokoa macho na figo kwa wakati mmoja. Makala haya yanaeleza kile ambacho daktari huona ndani ya jicho la mgonjwa wa figo, maana yake, na nani anayefaa kuchunguzwa.

Mzee wa miaka 52 anafika katika kliniki ya macho akitaka miwani. Kwa majuma mawili sasa maandishi ya simu yake yana ukungu, na ameshajaribu miwani ya kununua sokoni bila nafuu. Afisa wa kliniki wa macho anamtia matone ya kupanua mboni, anasubiri, kisha anamulika ndani ya jicho. Anatazama jicho la kulia, anahamia la kushoto, kisha anaweka kifaa chake mezani.

"Mzee, umewahi kupimwa presha?"

"Sijawahi, daktari. Mimi siumwi. Ni macho tu."

Presha inapimwa na kupatikana 210 kwa 125. Mkojo una protini nyingi. Kipimo cha damu kinaonyesha kwamba figo zimepoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Mzee aliyekuja kutafuta miwani analazwa siku hiyo hiyo katika wodi ya wagonjwa wa ndani.

Kisa hicho ni cha mfano na hakimhusu mtu fulani, lakini wahudumu wa kliniki za macho wanakifahamu vyema. Ugonjwa wa figo hauna maumivu mwanzoni. Mtu anaweza kulima, kuendesha bodaboda au kufungua duka kila asubuhi kwa miaka kadhaa bila kujua kwamba figo zake zinachoka. Mara nyingine mtu wa kwanza kugundua tatizo si daktari wa figo, bali ni yule anayechungulia jicho.

UHUSIANO WA JICHO NA FIGO

Retina ni utando mwembamba ulio nyuma ya jicho. Unene wake haufiki nusu milimita. Kazi yake ni kupokea mwanga na kuugeuza kuwa ujumbe unaopelekwa kwenye ubongo kupitia mshipa mkuu wa fahamu wa jicho. Ili kuifanya kazi hiyo usiku na mchana, retina inahitaji damu nyingi inayopita katika mishipa midogo sana.

Figo nazo hutegemea mishipa ya aina hiyo. Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja, na ndani ya kila kichujio mna fundo la mishipa myembamba. Kwa siku moja figo za mtu mzima mwenye afya huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu. Sehemu kubwa hurudishwa mwilini, na lita moja au mbili tu hutoka kama mkojo.

Kwa hiyo adui wa mishipa hii ni mmoja. Presha ya juu inayoisukuma mishipa ya figo hadi ikawa migumu huisukuma vivyo hivyo mishipa ya retina. Sukari inayotoboa vichujio vya figo hadi protini ikapita kwenye mkojo hulegeza pia kuta za mishipa ya jicho hadi damu na mafuta yakavuja.

Tofauti ni moja. Ili daktari aione mishipa midogo ya figo kwa macho yake, inabidi achome sindano na kutoa kipande cha figo kikatazamwe kwa hadubini. Mishipa ya retina anaiona moja kwa moja kupitia mboni, bila kisu wala sindano. Hakuna mahali pengine mwilini ambapo mishipa midogo ya damu huonekana kwa urahisi hivyo.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1836 daktari Mwingereza Richard Bright, aliyefanya kazi katika hospitali ya Guy's jijini London, aliandika kwamba baadhi ya wagonjwa wake wa figo walikuwa wakipoteza uwezo wa kuona. Hakuwa na njia ya kujua sababu, kwa kuwa wakati huo hapakuwa na kifaa cha kutazama ndani ya jicho. Kifaa hicho kilielezwa na Mjerumani Hermann von Helmholtz mwaka 1851, na tangu hapo madaktari wakaanza kuona walichokuwa wakikikisia.

Mwaka 1939 madaktari watatu wa Marekani, Keith, Wagener na Barker, waliwagawa wagonjwa wa presha katika makundi manne kufuatana na hali ya retina zao. Siku hizo dawa nzuri za presha hazikuwepo. Wagonjwa wa kundi la nne, ambao chanzo cha mshipa wa fahamu ndani ya jicho kilikuwa kimevimba, wengi hawakumaliza mwaka. Leo dawa zipo, na mgonjwa wa aina hiyo anaweza kuishi miaka mingi. Sharti ni kwamba agunduliwe mapema na atumie dawa bila kukatiza.

ANACHOKIONA DAKTARI

Retina yenye afya ina rangi ya chungwa iliyokolea, mishipa yake ni laini, na katikati pana sehemu ndogo iitwayo makula. Makula ndiyo inayomwezesha mtu kusoma, kushona, kuingiza uzi kwenye sindano na kutambua sura ya mtu. Kwa mgonjwa wa figo, mabadiliko yanayoonekana huwa ya namna nne.

1. Alama za presha. Mishipa inayoleta damu husinyaa na kuwa migumu, nyingine hung'aa kama waya wa shaba. Pale mshipa mgumu unapopita juu ya mshipa mwingine, huukandamiza kama mpira wa maji uliokanyagwa. Presha ikizidi, damu huvuja na kutokea kama ndimi za moto. Huonekana pia madoa meupe yanayofanana na vipande vya pamba. Hapo ni mahali ambapo retina imekosa damu. Mafuta yanayovuja huweza kujipanga kuizunguka makula mfano wa nyota. Alama nzito kuliko zote ni kuvimba kwa chanzo cha mshipa wa fahamu, na hiyo ni dharura.

2. Alama za kisukari. Mwanzoni huonekana vivimbe vidogo vyekundu kwenye mishipa, kisha matone ya damu na mabaka ya manjano. Makula ikijaa maji, mgonjwa huanza kuona mistari iliyonyooka kama imepinda. Retina ikikosa damu kwa muda mrefu, huotesha mishipa mipya. Mishipa hiyo haileti faida yoyote. Ni dhaifu, hupasuka, na damu ikamwagika ndani ya jicho. Mtu hulala akiona na kuamka na pazia jeusi mbele ya jicho.

3. Alama za maji kujaa mwilini. Figo zikishindwa kutoa maji na presha ikapanda, maji huweza kujikusanya chini ya retina na kuibandua kutoka mahali pake. Aina hii mara nyingi hupata nafuu presha ikidhibitiwa na maji ya ziada yakitolewa, kwa mfano kwa mashine ya kusafisha damu.

4. Alama za upungufu wa damu. Figo hutengeneza kichocheo kinachouamuru mwili kuzalisha chembe nyekundu za damu. Figo zikichoka, damu hupungua. Retina hupauka, na damu ikipungua sana, hutokwa na matone ya damu. Baadhi ya matone hayo huwa na kiini cheupe katikati.

Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na alama za aina mbili au tatu kwa pamoja. Wengi wenye figo zilizoshindwa wana kisukari na presha pia, na ni kazi ya daktari kupima ni lipi linaloharibu zaidi kwa wakati huo.

USHAHIDI KWA DAKTARI WA FIGO

Faida ya uchunguzi huu haiishii kwenye macho. Matokeo ya retina humsaidia daktari wa figo kujua chanzo cha ugonjwa.

Kwa watu wenye kisukari cha aina ya 1, figo zikiharibiwa na sukari, takriban kila mara retina nayo huwa imeguswa. Kwa kisukari cha aina ya 2, uhusiano huo upo lakini si wa kila mgonjwa. Hivyo mgonjwa wa kisukari mwenye protini kwenye mkojo akichunguzwa na retina zake zikapatikana safi kabisa, daktari hujiuliza kama figo zinaumwa kwa sababu nyingine inayohitaji tiba tofauti.

Kwa upande wa pili, mtu mwenye kisukari ambaye retina zake zimeonyesha uharibifu anafaa kupimwa figo mara moja, hata kama anakojoa vizuri na miguu haijavimba. Vipimo vyenyewe ni viwili: mkojo kuangalia protini aina ya albumini, na damu kuangalia kreatinini, ambayo huonyesha figo zinachuja kwa kiwango gani.

KUONA VIZURI SI DHAMANA

Kosa la kawaida ni la mgonjwa kusema, "Macho yangu hayana shida, naona hadi ng'ambo ya mto." Makula ikiwa bado haijaguswa, mtu huendelea kusoma na kuona mbali hata kama kingo za retina zimejaa damu na mishipa mipya imeanza kuota. Anapoanza kulalamika, mara nyingi uharibifu umeshaingia katikati.

Kosa la pili ni kuchanganya presha ya damu na presha ya macho. Hayo ni magonjwa mawili tofauti. Presha ya macho, yaani glakoma, hupimwa kwenye jicho lenyewe. Presha ya damu hupimwa mkononi, na ndiyo inayoharibu mishipa ya retina na figo. Aliyeambiwa kwamba hana presha ya macho hajaambiwa kwamba hana presha ya damu.

Kosa la tatu ni kudhani kwamba kila ukungu ni wa uzee au ni mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji na mtu akaona tena. Retina iliyokufa hairudi. Ndiyo maana haifai mtu mwenye kisukari au presha kuridhika na miwani ya barabarani kabla ya kuchunguzwa.

Hasara ya kuchelewa huwa nzito zaidi kwa aliyefikia hatua ya kusafishwa damu kwa mashine. Tangu mwaka 2015 mashine hizo zimefikishwa katika hospitali nyingi za kaunti nchini, na mgonjwa huhitaji kuunganishwa kwa saa kadhaa, kwa kawaida mara mbili au tatu kwa wiki. Mgonjwa huyo akipoteza macho, hawezi tena kwenda hospitali peke yake. Hawezi kusoma karatasi ya dawa, kupima kiasi cha maji anachoruhusiwa kunywa, wala kujivutia insulini kwa kipimo sahihi. Mtu mmoja nyumbani huacha kazi au shule ili awe macho yake.

UCHUNGUZI UNAVYOFANYIKA

Mgonjwa huanza kwa kusoma herufi ukutani, jicho moja baada ya jingine. Hutiwa matone ya kupanua mboni, ambayo huwasha kidogo na huchukua takriban nusu saa kufanya kazi. Kisha daktari hutazama ndani ya jicho kwa mwanga na lenzi, au retina hupigwa picha kwa kamera maalumu. Picha hiyo huhifadhiwa ili ilinganishwe na ya mwaka unaofuata.

Baada ya matone, macho huona ukungu na mwanga wa jua huumiza kwa saa kadhaa. Mgonjwa asiendeshe gari, pikipiki wala baiskeli siku hiyo. Ni vizuri aje na mtu wa kumsindikiza, pamoja na kofia au miwani ya jua.

Anayesafishwa damu aombe miadi ya macho kwa siku ambayo haendi kwenye mashine. Amweleze daktari wa macho kwamba ana ugonjwa wa figo, na amwonyeshe dawa zote anazotumia. Baadhi ya vidonge vya macho huepukwa au hupunguzwa kipimo kwa mwenye figo dhaifu. Vilevile, mgonjwa anayetumia haidroksiklorokwini, kwa mfano kwa ugonjwa wa lupasi, ajue kwamba figo zikidhoofika dawa hiyo huweza kukaa mwilini kwa wingi na kudhuru retina, hivyo anahitaji kufuatiliwa kwa karibu.

TIBA IPO

Tiba ya kwanza ya retina haitiwi jichoni. Ni kushusha presha, kudhibiti sukari, kutibu upungufu wa damu na kuacha sigara. Alama nyingi za presha hupungua au huisha baada ya presha kutulia kwa muda.

Presha iliyopanda sana hushushwa kwa mpango, chini ya uangalizi wa hospitali. Kuishusha kwa ghafla kupita kiasi kunaweza kulinyima jicho na ubongo damu. Kwa sababu hiyo, ni hatari kumeza vidonge vya presha vya jirani au kuongeza dozi kwa kukisia.

Kwa uharibifu wa kisukari, daktari anaweza kutumia mwale wa leza kuzuia mishipa mipya isiendelee kuota, au kuchoma sindano ya dawa ndani ya jicho baada ya kuliganzisha. Damu ikiwa imejaa ndani ya jicho au retina ikiwa imevutwa kutoka mahali pake, hufanywa upasuaji. Ni muhimu mgonjwa aelewe kwamba leza hulinda kile kilichobaki; kwa kawaida hairudishi kilichokwisha kupotea. Ndiyo sababu wanaoanza mapema hufaidika zaidi.

Mgonjwa mwenye damu machoni asikimbie mashine ya kusafisha damu kwa hofu ya dawa inayozuia damu kuganda. Kuacha mashine ni hatari kwa maisha. Awaeleze wahudumu wa kitengo hicho, nao wataamua namna ya kutumia dawa hiyo.

NANI ACHUNGUZWE, NA LINI

Mwenye kisukari cha aina ya 2: siku anapogunduliwa, kisha kila mwaka. Vipimo vya mkojo na kreatinini vifanywe mwaka huo huo.

Mwenye kisukari cha aina ya 1: miaka mitano baada ya kugunduliwa, kisha kila mwaka.

Mwenye kisukari anayepata ujauzito: mapema katika mimba, kwani uharibifu wa retina unaweza kuongezeka katika kipindi hicho.

Mwenye ugonjwa wa figo wa hatua yoyote, hasa kama ana kisukari au presha: aulize kliniki yake kuhusu rufaa ya macho asipopewa.

Mwenye presha inayofika 180 kwa 120 na ambaye anaona ukungu, anaumwa kichwa vikali, anapumua kwa shida au anachanganyikiwa: aende hospitali wakati huo huo, asisubiri miadi.

Mama mjamzito aliyepita wiki 20, mwenye kichwa kinachouma, macho yenye vimulimuli au uso na mikono iliyovimba: aende kituo cha afya siku hiyo hiyo apimwe presha na mkojo. Hizo zinaweza kuwa dalili za kuelekea kifafa cha mimba.

Yeyote anayeona pazia jeusi, vitu vingi vinavyoelea kama nzi, miale ya ghafla, au anayepoteza uwezo wa kuona katika jicho moja: hiyo ni dharura hata kama haumwi.

MAMBO YA KUEPUKA

Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki zikitumiwa mara kwa mara huweza kudhuru figo, na kwa aliye na figo dhaifu madhara huwa makubwa zaidi. Dawa za mitishamba ambazo viungo vyake havijulikani nazo zinaweza kumaliza nguvu za figo kwa muda mfupi. Kutia jichoni maji ya majani, maziwa au dawa ya mtu mwingine hakuwezi kufika kwenye retina. Huleta vidonda mbele ya jicho na kuongeza tatizo la pili. Na presha ikitulia, dawa zisiachwe. Imetulia kwa sababu dawa zinatumiwa.

PA KUANZIA

Si lazima safari ianzie kwa daktari bingwa. Wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao huwatembelea wakazi nyumbani, wanaweza kupima presha na sukari kwa vifaa wanavyobeba. Zahanati na vituo vya afya hupima mkojo, na humwandikia mgonjwa rufaa ya kwenda hospitali yenye kliniki ya macho. Wakazi wanahimizwa kujisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na kuuliza hospitalini ni huduma zipi za figo na macho zinazolipiwa.

Kila anayehudhuria kliniki ya presha, kisukari au figo anashauriwa kubeba maswali matatu atakapokwenda tena: "Daktari, retina zangu zilichunguzwa lini mara ya mwisho? Figo zangu zinachuja kwa kiwango gani? Je, mkojo wangu una protini?" Majibu yaandikwe kwenye kitabu cha kliniki, na kitabu hicho kionyeshwe katika kliniki zote mbili, ya macho na ya figo.

Siku ya Figo Duniani huadhimishwa Alhamisi ya pili ya Machi, na Siku ya Kuona Duniani Alhamisi ya pili ya Oktoba. Kati ya siku hizo mbili kuna miezi saba, muda ambao mishipa iliyoanza kuvuja inaweza kufika kwenye makula. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa retina iliyokufa hakuna fundi wa kuujenga. Aliye na presha, kisukari au figo dhaifu asingoje maadhimisho. Aombe uchunguzi wa macho katika miadi yake inayofuata.